Marian Anderson: alinyimwa ukumbi, wakaja watu 75,000. Ila miaka yake nani alimrudishia?

Mzee wa Solfa (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima yenu.

Kila Pasaka ikikaribia kuna picha huwa inazunguka mitandaoni. Mwanamke mweusi kavaa koti la manyoya, mbele yake maikrofoni zimejipanga, nyuma yake nguzo za jengo la kumbukumbu ya Lincoln kule Washington. Chini yake wanaandika maneno mawili matatu ya kushangilia, watu wanaweka kopa, wanapita. Picha yenyewe naipenda sana. Tatizo langu ni kwamba watu wanafunga hesabu mapema mno, utadhani mama wa watu aliimba alasiri moja na ubaguzi ukafungasha virago.

Anaitwa Marian Anderson. Kazaliwa Philadelphia mwaka 1897. Baba alikuwa anauza barafu na makaa ya mawe kwenye soko la Reading Terminal. Mama alikuwa mwalimu kule Virginia, lakini Philadelphia akaishia kufua na kusafisha. Baba akaumia kazini na akafariki Marian akiwa na miaka 12, akaacha wasichana watatu na mjane asiye na kitu.

Kanisa lao, Union Baptist, ndilo lililomlea kisauti. Wanakwaya mtanielewa: mtoto huyu alikuwa anajifunza sauti zote nne za wimbo, ili siku mtu asipotokea yeye azibe pengo. Hata besi aliimba, ila kwa kuipandisha oktavu moja. Sauti yake ya ukubwani ndiyo kontralto, yaani sauti ya chini kabisa ya kike. Ni yule mwana-alto akianza kushuka, wanaume wa tenori wanaanza kutazamana.

Alipofika umri wa kusoma muziki kwa utaratibu, akaenda shule ya muziki pale pale mjini kuomba nafasi. Akapanga foleni. Binti wa dirishani akamruka, akahudumia aliyekuwa nyuma yake, akamruka tena, mpaka wote wakaisha. Ndipo akamwambia hawachukui watu weusi. Hakuulizwa anaimba nini, wala hakuna aliyemsikia hata noti moja.

Kanisa likachanga. Waumini wenye mishahara ya ufuaji na ubebaji mizigo walilipa ada ya mwalimu, mpaka akafika kwa Giuseppe Boghetti, mwalimu wa sauti mwenye jina. Kwa kweli ubao wa kumbukumbu ukiwekwa popote, uanzie kwa wale waumini.

Naendelea.

Nyundo Baridi

Tiririka mkuu, nimeshakaa kiti cha mbele.

Binti Usagara

Foleni wanakuruka mpaka waishe! Heri angemfukuza mwanzoni, ajue moja.

Mzee wa Solfa

Sehemu ya pili.

Mwaka 1924 alikodi ukumbi wa Town Hall, New York. Watu wakaja wachache, magazeti yakamkosoa, hasa Kijerumani chake. Alikuwa anaimba nyimbo za Brahms, mtunzi wa Kijerumani, kwa maneno ya kukariri. Akavunjika moyo kiasi cha kutaka kuacha. Mwaka uliofuata akaingia shindano la kuimba na okestra ya New York Philharmonic, washindani kama 300, akashinda na Agosti 1925 akaimba nayo uwanja wa Lewisohn.

Hapo ndipo ungetegemea milango ifunguke. Wapi! Mialiko ikabaki ya makanisa ya weusi, vyuo vya weusi, na kumbi chache. Kwa hiyo akafanya walichofanya weusi wengi wenye vipaji zama hizo, akavuka bahari. Alikwenda Berlin mwaka 1930 kwa ufadhili wa mfuko wa Rosenwald, akaishi na Wajerumani ili lugha imwingie. Halafu akapanda kaskazini, Norwei, Uswidi, Ufini, akiwa na mpiga piano Mfini, Kosti Vehanen. Kule walimpagawia. Magazeti yalisema nchi imeshikwa na homa ya Marian.

Mtunzi Jean Sibelius alimkaribisha nyumbani kwake, akamsikiliza. Inasimuliwa kwamba alisema paa la nyumba yake ni fupi mno kwa sauti ile, akaamuru kahawa iondolewe, iletwe shampeni.

Mwaka 1935 akaenda Salzburg, Austria. Wenye tamasha hawakumweka kwenye ratiba rasmi, akaimba pembeni. Katika hadhira ya pembeni akawemo Arturo Toscanini, mwongoza okestra aliyekuwa anaogopwa kuliko wote duniani, mtu ambaye sifa zilimtoka kwa shida. Akasema sauti kama ile mtu huisikia mara moja katika miaka 100.

Desemba hiyo hiyo akarudi Town Hall, chini ya wakala Sol Hurok. Mguu alikuwa ameuvunja melini. Akaimba na plasta gumu chini ya gauni refu, pazia likifunguliwa wakati ameshasimama karibu na piano, ili watu wasimhurumie. Safari hii wakosoaji walikosa maneno.

Sasa angalia. Huyu ndiye aliyesifiwa na Toscanini, mwaka 1936 kaimba Ikulu ya Marekani. Mwaka 1937 anakwenda kuimba Princeton, hoteli inamnyima chumba. Aliyemfungulia nyumba yake alale ni Albert Einstein, naye mkimbizi wa Hitler. Wakabaki marafiki mpaka mzee alipofariki.

Mjomba Chaka

Mimi ningebaki Ulaya, mbona rahisi tu. Unarudi kufanya nini kwa watu wasiokutaka?

Mzee wa Solfa

Mjomba, Ulaya ipi? Ya 1935? Berlin yenyewe tayari ilikuwa mikononi mwa Wanazi. Halafu mama yake na wadogo zake wako Philadelphia. Mama alikuwa anasafisha sakafu katika duka kubwa la Wanamaker's. Marian alipoanza kupata hela alipiga simu kwa msimamizi wa mama, akamwambia hatakuja tena kazini. Miaka mingi baadaye waandishi wakimuuliza siku yake kubwa kuliko zote, wakitegemea aseme Toscanini au Ikulu, alikuwa akiitaja hiyo.

Sauti ya Pili

Hapo kwa mama umeniliza.

Mzee wa Solfa

Sehemu ya tatu, ndiyo ile ya picha.

Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha weusi pale Washington, kilikuwa kinamleta aimbe kila mwaka. Mashabiki wakazidi kumbi zote. Januari 1939 wakaomba Constitution Hall, ukumbi mkubwa kuliko wote mjini, viti karibu 4,000. Mwenye ukumbi ni chama cha wanawake wa ukoo wa wapigania uhuru wa Marekani, kinaitwa DAR. Wakajibiwa siku hiyo imeshachukuliwa. Wakaomba siku nyingine, nayo haikupatikana. Ukweli ni kwamba mikataba ya ukumbi ilikuwa na sharti la wasanii weupe tu, sharti lililowekwa mwaka 1932. Wakajaribu ukumbi wa sekondari ya wazungu, bodi ya shule nayo ikaleta mizengwe.

Mke wa Rais, Eleanor Roosevelt, alikuwa mwanachama wa DAR. Februari akajiuzulu, akaandika hivyo gazetini kwenye safu yake. Nchi nzima ikajua. Walter White wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, na wenzake wakatoa wazo la uwanja wa wazi mbele ya sanamu ya Lincoln. Waziri wa Mambo ya Ndani ya nchi wakati huo, Harold Ickes, ndiye aliyekuwa na mamlaka ya eneo lile, akatoa kibali.

Kuna jambo huwa halisemwi kuhusu jengo lile. Lilipozinduliwa mwaka 1922, kwa heshima ya mtu aliyewafungua watumwa minyororo, wageni weusi walitengewa sehemu yao, wakae kando na wazungu. Miaka 17 baadaye anakuja Marian kuimba kwenye ngazi zile zile.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 9 Aprili 1939. Baridi. Hoteli za Washington hazikumpokea, akashukia nyumbani kwa gavana mstaafu wa Pennsylvania, Gifford Pinchot. Usiku wa kuamkia siku hiyo alimpigia simu Hurok kuuliza kama ni lazima kweli aimbe. Hakuwa mtu wa mikutano ya hadhara. Aliandika baadaye kwamba alijiona amefanywa alama ya watu wake, atake asitake.

Ickes akamtambulisha kwa kusema kipaji hakijui mpaka wa rangi. Mbele watu 75,000, weusi na weupe wamechanganyika, na redio ya NBC ikirusha nchi nzima. Akaanza na wimbo wa kizalendo wa America, ukaja wimbo wa opera ya Donizetti, ikaja Ave Maria ya Schubert, akamalizia na nyimbo za kiroho za watumwa. Jumla kama nusu saa. Mpangilio huo uangalieni vizuri: nchi, Ulaya, kanisa, halafu mashamba ya pamba. Hakutoa hotuba, akashukuru kwa maneno machache akaondoka.

Kipute

Mkuu uzi mzuri lakini niruhusu nitie mchanga. Opera na Schubert ni vitu vya wazungu. Mtu kukatazwa kuimba nyimbo za mzungu kwenye ukumbi wa mzungu, mimi Mwafrika nalilia nini hapo? Angejenga wa kwake.

Sauti ya Pili

Kipute, mimi nafundisha kwaya parokiani. Kila Krismasi na Pasaka tunapiga Haleluya ya Handel, na akina mama wa mtaani wanaijua alto yao kuliko wengi waliosomea. Ukiwaambia hiyo ni ya Wajerumani watakucheka. Wimbo ni wa anayeuweza. Na huyu mama ndiye aliyezipandisha zile nyimbo za watumwa jukwaa moja na Schubert, tena kwa heshima ile ile, bila kuzifanya kichekesho kama walivyozoea kuzisikia kwa wazungu waliojipaka masizi.

Kipute

Hapo kwenye nyimbo za watumwa nimekuelewa mwalimu. Kwenye kujenga wa kwake nabaki pale pale.

Nyundo Baridi

Mimi hoja yangu ni tofauti. Paul Robeson alikuwa na sauti kubwa vilevile na hakuwa mpole. Alisema mbele ya wakubwa, akanyang'anywa pasipoti mwaka 1950, hakurudi nyuma. Tena huyo alisoma lugha za Kiafrika London, Kiswahili kikiwemo. Anderson alikuwa anaimba tu na kuinamisha kichwa. Ndiyo maana wazungu wanampenda, hasumbui.

Mzee wa Solfa

Nyundo, Robeson namheshimu sana, lakini "anaimba tu" hapana.

Kusini kwa Marekani kumbi zilikuwa zinawapandisha weusi roshani ya juu kabisa, wazungu wanakaa chini. Marian hakuwa na nguvu ya kubadili sheria za jimbo. Alichofanya ni kudai ukumbi ugawanywe kwa urefu, kutoka jukwaani hadi mlangoni, upande huu weusi, upande ule wazungu. Kwa hiyo mfuaji nguo mweusi angeweza kukaa mstari wa kwanza, sambamba na tajiri wa mji. Bado ni utengano, sikatai, na wapo weusi waliomlaumu kwa hilo. Kufikia miaka ya 1950 akakaza zaidi, kwamba penye kutenganisha watu kabisa haimbi. Hiyo ni hela alikuwa anaikataa, mjue.

Na DAR wenyewe, vita ilipopamba moto wakamwalika aimbie ukumbi wao kwa ajili ya misaada. Akawapa sharti hadhira isitenganishwe. Wakakubali, tarehe 7 Januari 1943 akaimba Constitution Hall, mapato yakaenda kwa misaada ya China. Alisema hakujisikia mshindi, ulikuwa ukumbi mzuri wa kuimbia, basi. Mnaweza kuita upole. Mimi naona mtu aliyekataa kuwapa raha ya kushukuriwa.

Binti Usagara

Duh, hiyo sentensi ya mwisho.

Mzee wa Solfa

Sehemu ya nne, na ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi.

Jumba la Metropolitan Opera, au Met kwa kifupi, New York, ndilo kilele cha uimbaji Marekani. Lilifunguliwa mwaka 1883. Mwimbaji wa kwanza mweusi kupewa nafasi humo kama mhusika ni Marian Anderson, tarehe 7 Januari 1955. Pigeni hesabu, ni zaidi ya miaka 71 tangu lifunguliwe. Na ni karibu miaka 20 tangu Toscanini aseme aliyoyasema. Meneja Rudolf Bing ndiye aliyemwita. Marian alikuwa anakaribia miaka 58.

Nafasi aliyopewa ni Ulrica katika opera ya Verdi, Un ballo in maschera. Ulrica ni mpiga ramli, anatokea onyesho moja tu. Na katika maandishi ya awali ya opera hiyo yupo jaji anayemtaja Ulrica kuwa ni wa damu chafu ya watu weusi. Yaani mlango umefunguliwa, ndani yake kiti ulichowekewa ni hicho.

Pazia lilipopanda watu walishangilia kabla hajatoa sauti, yeye anatetemeka, anasubiri watulie. Walilia wengi. Lakini wajuzi waliokuwepo, hata waliompenda, walisikia kwamba sauti ilikuwa imeshachoka, noti za juu zinayumba. Mwenyewe alikiri usiku ule alijitahidi kupita kiasi. Baadaye akaimba maonyesho machache, ikaishia hapo.

Sasa fikirini Marian wa 1935 hadi 1945, yule wa Salzburg. Verdi pekee ana wahusika kama Azucena, Amneris, Ulrica mwenyewe, wote sauti za chini. Tungekuwa na rekodi zake leo. Hazipo kwa sababu kuna watu walikaa ofisini wakaamua hivyo, mwaka baada ya mwaka, kwa adabu kabisa, bila hata kupandisha sauti. Hilo ndilo halionekani kwenye picha ya Pasaka.

Mjomba Chaka

Lakini mkuu tuwe wakweli, Anderson alikuwa mwimbaji wa jukwaa tupu, yeye na piano. Hakuwahi kuigiza. Labda opera haikuwa kitu chake hata angekuwa mweupe.

Mzee wa Solfa

Hoja nzito hiyo, na hata yeye alisema hakuwa na uzoefu wa kuigiza. Ila angeupata wapi? Uzoefu wa opera unapatikana kwenye majumba ya opera. New York City Opera walianza kuchukua weusi mwaka 1945 na Todd Duncan, mwaka uliofuata Camilla Williams akaimba opera ya Madama Butterfly. Kwa hiyo lilikuwa linawezekana hata hapo hapo New York.

Sauti ya Pili

Mimi nitakupinga kidogo kwenye "nani alimrudishia". Januari 1961, miaka sita baada ya ile Ulrica, mwimbaji mweusi Leontyne Price anaingia Met na opera ya Il trovatore, umri 33, sauti ikiwa moto. Makofi yalikwenda zaidi ya nusu saa. Mwaka 1966 Met inahamia jumba jipya, anayefungua msimu ni Price. Mwaka huo huo wa 1961 Grace Bumbry, naye mweusi, miaka 24, anaimba Bayreuth, Ujerumani, kwenye tamasha la opera za mtunzi Wagner, barua za kupinga zimemiminika, na anashangiliwa mpaka basi. Marian mwaka 1941 alipewa tuzo ya dola 10,000, akaifanya mfuko wa kuwasaidia waimbaji vijana, na Bumbry ni mmoja wa waliofaidika nao. Hiyo haihesabiki?

Mzee wa Solfa

Inahesabika mwalimu. Price alirithi. Deni la Marian mwenyewe halikulipwa. Naviweka vitu viwili tofauti.

Binti Usagara

Naomba kuuliza, kuna popote alipogusana na huku kwetu?

Mzee wa Solfa

Ipo sehemu moja. Mwaka 1958 Marekani ilimteua kwenye ujumbe wake wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, akapangwa kamati ya nchi za udhamini. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Ruanda-Urundi pia. Ni kamati ile ile ambayo Mwalimu Nyerere alikuwa ameizungumzia Tanganyika mbele yake mwishoni mwa 1956. Hawakupishana mbali.

Kipute

Hiyo sikuijua kabisa. Uzi umeanza kuwa wangu.

Nyundo Baridi

Na siku hizi je? Yameisha?

Binti Usagara

Nijibu mimi hapo. Met waliacha kumpaka mwimbaji mweupe rangi nyeusi kwenye opera ya Otello mwaka 2015. Elfu mbili na kumi na tano, sio mwaka arobaini na saba! Na opera ya kwanza ya mtunzi mweusi kuchezwa Met ilikuwa Septemba 2021, ya Terence Blanchard. Upande wa furaha, mtazameni Pretty Yende wa Afrika Kusini. Katoka mji mdogo wa Piet Retief, kasikia duo ya opera kwenye tangazo la ndege kwenye televisheni, akamuuliza mwalimu wake ni kitu gani kile. Mwaka 2013 kaingia Met, Mei 2023 kamwimbia Mfalme Charles siku ya kutawazwa.

Mjomba Chaka

Tangazo la ndege! Sisi huku matangazo yanatufundisha kununua sabuni tu.

Nyundo Baridi

Mzee wa Solfa, baada ya Marian nani mwanaume wa kwanza mweusi pale Met?

Mzee wa Solfa

Robert McFerrin, baritoni, tarehe 27 Januari 1955, siku 20 tu baada ya Marian. Aliimba nafasi ya Amonasro katika opera ya Aida. Mwanawe mnamjua nyote, ni Bobby McFerrin, yule wa Don't Worry, Be Happy ya mwaka 1988, wimbo wote kapiga kwa mdomo wake mwenyewe bila chombo hata kimoja.

Kipute

Weee! Yule mpiga mluzi baba yake kaimba opera?

Mzee wa Solfa

Ndiyo huyo. Nitamfungulia uzi wake nikipata nafasi. Kwa sasa anayetaka kumsikia Marian atafute filamu ya habari ya 1939, iko mitandaoni, halafu asikilize rekodi zake za miaka ya 1930 akiwa na Vehanen. Mwalimu, wachezee akina mama wako wa alto, uniambie wamesema nini.